Kikohozi Nilichokimeza

Sikohoi mbele za watu. Kikohozi kikinibana nikiwa sokoni au kwenye bajaji, nakimeza mpaka machozi yananitoka. Binti yangu hunicheka. "Mama, utapasuka bure! Kohoa tu, nani atakushitaki?" Anadhani ni madaha ya kipwani niliyorithi kwa bibi yangu, aliyeletwa Kyela na mumewe mwuza khanga. Namwacha adhani hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba kikohozi changu kiliwahi kuhitajika siku moja, kikahitajika kweli kweli, nami nikakinyima.

Nilikuwa karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani kafika kazini na gunia la nani lina kilo ngapi, na kupiga kelele. Kelele nimejaliwa, sijui kuongea polepole. Mwenye mashine tulimwita bosi. Alikuwa mwenyeji wa huku huku, mcheshi, mkono wake mwepesi kumpa mtu soda siku ya joto. Sikuwahi kumchukia, na hilo nalo linaniuma.

Pale mashineni alikuja kufanya kazi binti mmoja kutoka Busale. Alianza kwa kuchambua mawe na chenga kwenye ungo pamoja na akina mama wengine, kisha bosi akaona kwamba hesabu anaifanya kichwani kabla mimi sijashika kalamu. Akamhamishia kwenye mizani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika mizani pale. Wakulima walimpenda kwa sababu hakubonyeza kwa kidole wala hakusogeza mguu. Ukiweka gunia, anakusomea kilichopo, basi. Mizani ile aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa chake mwenyewe.

Kulikuwa na mkulima mmoja tu ambaye hakuweza kumpimia, naye ni baba mkwe wake. Asiyejua mambo ya Wanyakyusa nimweleze. Mke aliyeolewa kwa mila hakutani na baba wa mumewe. Hakai naye chini ya paa moja, hamtazami usoni, na jina lake halitamki maisha yake yote. Si chuki hata kidogo, ni heshima, tena ya pande mbili: mzee naye akimwona mkwewe kwa mbali hugeuza uso. Vijana wengi siku hizi wameshaiacha mila hiyo, lakini ukoo ule haukuiacha. Na wenyewe wawili hawawezi kuambiana "nipishe," ni aibu. Lazima mtu wa tatu awatahadharishe. Hapo kwenye mashine mtu wa tatu nilikuwa mimi, na nilitahadharisha kwa kukohoa.

Dirisha langu lilitazama geti. Nikiiona baiskeli ya mzee inakunja kona na gunia nyuma, nakohoa mara mbili, kikohozi cha kutunga, cha nguvu. Binti anajitanda khanga, anapita mlango wa nyuma kwenda kwenye pumba. Mimi natoka nashika mizani. "Mugonile, baba," namsalimu kwa Kinyakyusa. "Ndaga, mama, ndaga," ananishukuru. Tunapima, tunataniana kidogo kuhusu mvua, anaondoka. Nakohoa mara moja, binti anarudi. Tulifanya hivyo miaka miwili. Akina mama wa kwenye ungo walinitania, "Karani wetu ana kifua cha msimu, kinaanza mpunga ukikomaa." Tulicheka sana. Enzi hizo kukohoa ilikuwa raha.

Nyuma ya mlango wa ofisi palikuwa na karatasi ya haki za wafanyakazi. Afisa kazi alipita mwaka mmoja akasema sheria inamtaka mwajiri aibandike mahali panapoonekana. Bosi akaibandika nyuma ya mlango, na mlango ule mchana haufungwi, joto lote hili la Kyela! Siku moja mvua ya upepo ikatufungia ndani, ndipo binti akaiona. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwamba ni marufuku kumbagua mfanyakazi kwa rangi, kwa kabila, kwa mahali alipotoka, kwa dini, kwa jinsia, kwa ujauzito. Hapo kidole chake kikasimama. Kilikuwa na jasho na vumbi la pumba, kikaacha alama juu ya neno lile.

"Mama, hii imeandikwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, mwanangu. Mimi nishamaliza kuzaa."

Akacheka. Sikujua kwamba siku hiyo alikuwa na mimba ya miezi miwili.

Mimba ilipoanza kuonekana, bosi alimwambia pale pale uwanjani, mbele ya wakulima, bila ukali wowote. "Mizani haitaki tumbo. Nenda kapumzike nyumbani, ukishajifungua tutaona." Binti akasema, "Bosi, sijachoka." Bosi akasema, "Utachoka." Yakawa yameisha. Hakuna barua, hakuna onyo, hakuna kitu. Kesho yake mizani ilishikwa na mwanamume. Mimi nikaambiwa niendelee kuliandika jina la binti kwenye daftari la mahudhurio, na mbele yake niandike hayupo, kana kwamba ameacha kazi mwenyewe. Niliandika. Hayupo, hayupo, hayupo, kwa mkono wangu huu.

Jumapili akanijia nyumbani. Mumewe alikuwa Tunduma akibeba mizigo, na nyumbani kwao habari za tumbo hazipelekwi kwa baba mkwe, kwa hiyo hakuwa na mtu. Nilimweleza nilichokijua. Kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Ana siku thelathini za kupeleka malalamiko kwenye ofisi ya usuluhishi Mbeya. Aliona haya kwenda kuongelea mimba mbele ya wanaume asiowajua, nikamwambia, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Jaza fomu." Tukajaza. Nikamwambia na lile lililompa moyo kuliko yote, kwamba kwenye ubaguzi, mfanyakazi akishaeleza yaliyomkuta, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

"Kwa hiyo mimi nifanye nini?"

"Wewe ingia tu mle ndani, useme ulivyoambiwa. Ingia tu."

"Nataka mizani yangu," akasema. "Nizae kwa likizo kama ilivyoandikwa, nirudi kwenye mizani yangu. Sitaki kingine." Kisha akanitazama. "Na wewe mama, utasema?"

"Nikiulizwa nitasema kweli."

Astaghfirullah. Nikiulizwa! Mtu mzima na akili zangu, nikajiachia mlango wa kutokea kabla hata sijaingia.

Wito ulipofika, bosi hakukasirika. Alikuja na soda mbili, akakaa kwenye ukingo wa meza yangu, akapiga soga. Katikati ya soga akauliza, "Hivi huyu binti kaolewa kwa nani hasa?" Na mimi napenda kuongea, Mungu anajua. Mdomo huponza kichwa, ila wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Nikamwambia kaolewa kwa yule mzee wa mpunga wa mbegu, mwenye baiskeli. Sikuishia hapo. Nikamsimulia na habari ya kikohozi, jinsi tunavyokimbizana, jinsi binti anavyojificha kwenye pumba. Bosi alicheka mpaka akajifuta macho. "Kumbe miaka miwili mnanifanyia maigizo hapa!" Nami nikacheka, nikanywa soda yangu mpaka tone la mwisho.

Siku ya kwenda Mbeya niliambiwa nije na daftari la mahudhurio. Nilipofungua mlango wa nyuma wa gari la bosi, nikamkuta mzee kakaa kiti cha mbele, kavaa koti lake la ibadani. Bosi alikuwa amemwambia kuna mnunuzi Mbeya anayetafuta mpunga wa mbegu, kwamba watapita kwanza ofisi moja kwa shughuli ndogo. Mzee alikuwa na furaha. Njia nzima alinieleza jinsi anavyochagua mbegu, suke kwa suke. Tulipopanda Tukuyu, ukungu ukaingia, akageuka kunitazama. "Funga kioo, mama, baridi hii itakutia kikohozi." Bosi akatabasamu kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Mimi nikafunga dirisha, na mdomo nikaufunga hivyo hivyo mpaka Mbeya.

Ofisi yenyewe ilikuwa na korido moja nyembamba. Ukitaka chumba cha usuluhishi lazima uipite yote, na mlangoni pake kuna benchi. Bosi akamketisha mzee kwenye benchi hilo, yeye akakaa upande huu, mimi upande ule. Mbele yetu kulikuwa na dirisha la vioo vya kukunja lililotazama nje.

Binti alikuja kwa basi. Alitokea mwanzo wa korido na bahasha mkononi, tumbo limeshatangulia, anasoma vibao vya milango kimoja kimoja. Alikuwa amebakiza milango miwili alipomwona mzee. Akavuta khanga usoni, akageuka, akatoka. Kupitia dirishani nikamwona kasimama nje, chini ya ukuta, uso kwenye ukuta, bahasha kaikumbatia kifuani.

Mzee naye alikuwa amemwona. Akageuza uso wake upande wa pili, akaanza kunyanyuka. Bosi akamwekea mkono gotini. "Kaa, mzee, kaa. Tunaitwa sasa hivi." Mzee akakaa nusu, akanitazama. Nje, binti akageuza kichwa kidogo tu, kutazama dirisha lililokuwa mbele yangu. Wote wawili walikuwa wananingoja. Hawakuhitaji nisimame, hawakuhitaji nitoe ushahidi, hawakuhitaji sheria yoyote. Ningekohoa mara mbili, mzee, aliyekijua kikohozi kile miaka yote, angepata sababu ya kuondoka, na binti angeingia.

Kilikuja, wallahi. Kilikuja chenyewe bila kutungwa, kikanijaa kifuani, kikapanda mpaka hapa kooni. Nikawaza, kesho huyu ananifukuza. Nikawaza mimi ni mjane, binti yangu ndiyo kwanza kaingia chuo. Bosi hakuniangalia. Alikuwa anaangalia saa yake, ametulia kabisa. Nikakimeza.

Karani wa ofisi akatoka na jalada, akaliita jina la binti. Nje nikaona mabega ya binti yanatikisika. Karani akaliita mara ya pili. Mzee akainamisha kichwa, mikono kwenye magoti. Mara ya tatu aliliita kwa sauti kubwa, likasikika mpaka barabarani. Kisha mimi na bosi tukaingia, mzee akabaki kwenye benchi.

Msuluhishi alikuwa kijana mpole, kwa matamshi yake nikajua si mtu wa Mbeya wala wa Kyela. Akauliza, "Mlalamikaji yuko wapi?"

"Hayupo, mheshimiwa," akasema bosi.

Lilikuwa neno langu lile lile, la daftarini. Kijana akasubiri kidogo, akatutazama, akaandika. Shauri likaondolewa kwa sababu mlalamikaji hakufika. Daftari nilikuwa nimelipakata mapajani, halikufunguliwa. Sikuulizwa kitu.

Tulipotoka binti hakuwepo. Ardhi ilikuwa na unyevu, na chini ya ukuta zilibaki alama za kandambili zake, mbili, zimekaribiana, vidole vimeelekea ukutani. Bosi akasema mnunuzi wa mbegu amepiga simu, hayuko mjini. Kurudi mzee alikaa kiti cha nyuma pamoja nami, na hakusema neno mpaka Kyela.

Baada ya wiki alikuja kwenye mashine, baiskeli haina gunia. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha langu.

"Mama, siku ile nilikungoja ukohoe."

Nikainamia daftari langu.

"Ungekohoa, ningetoka zangu nje kama mtu anayekwenda haja. Nilidhani labda ofisi za serikali hawaruhusu." Akapanda baiskeli yake, akaenda. Angenitukana ningemshukuru. Toka siku hiyo mpunga wake akawa anaupeleka mashine nyingine.

Nilijaribu kutengeneza, sisemi sikujaribu. Karani wa ofisi ya Mbeya aliniambia kwa simu kwamba mlalamikaji anaweza kuomba shauri lake lirudishwe, ila aeleze kwa maandishi na kwa kiapo kwa nini hakufika, na asichelewe. Akanitumia mfano wa fomu, nikauchapisha mjini, nikapanda bodaboda mpaka Busale. Binti alikuwa uani, anageuza mpunga kwenye mkeka na kufukuza kuku. Alinikaribisha vizuri. "Ndaga, mama, kaa." Akanipa kigoda, akanipa maji. Tumbo lilikuwa limeshuka, siku zake zilikaribia.

Akaisoma karatasi mpaka palipoandikwa sababu za kutohudhuria. Chini yake palikuwa na mistari mitupu.

"Hapa niandike nini?"

"Ukweli. Kwamba baba mkwe wako alikuwa mlangoni."

"Nimwandike jina? Jina ambalo sijawahi kulitamka, nikaliapie mbele ya watu, niseme ndilo lililoniponza?" Akatikisa kichwa. Halafu akanirudishia karatasi. "Andika wewe, mama. Wewe ulikuwepo, na wewe si mkwe wa mtu pale. Andika kwamba nilifika. Andika na kilichotokea."

Nilikuwa bado nimeishika karatasi niliposikia mnyororo wa baiskeli nyuma ya migomba. Nikakohoa mara mbili kabla sijafikiri. Binti akanyanyuka, khanga kichwani, akapita nyuma ya nyumba. Mzee akapita na njia yake, uso kageuzia mashambani. Nikakohoa mara moja. Binti akarudi, akapiga magoti kwenye mkeka, akaendelea kugeuza mpunga kwa viganja.

"Kumbe kifua chako kizima," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nami nikamwambia, "Nitaandika, mwanangu. Wallahi nitaandika."

Sikuandika. Leo kalamu imekauka, kesho nina mgeni, keshokutwa mvua. Nilijua kwamba karatasi ile ikifika Mbeya na jina langu chini, kazi sina. Siku za kuomba zikapita. Binti akajifungua mtoto wa kike, habari nikaipata kwa akina mama wa kwenye ungo, ambao siku hizo walikuwa wameacha kunitania. Bosi hakunifukuza. Alinipandisha cheo, akanikabidhi funguo za ghala. Nilizibeba miaka mitatu, zikigongana kiunoni kila nikitembea, mpaka macho yakaanza kunisumbua nikaomba kupumzika. Siku ya mwisho niliufunga mlango wa ofisi mchana kweupe ili nione nyuma yake. Karatasi ilikuwepo bado, imepauka, na alama ya kidole ilikuwepo juu ya neno lile.

Siku hizi nikienda Lyulilo, kule ziwani, siku ya soko kununua vyungu, kuna wakati namwona mwanamke katikati ya watu anajitanda ghafla na kugeuka, kwa sababu mzee fulani anashuka kwenye mtumbwi. Si yeye. Busale na Lyulilo ni mbali, yeye ana mashamba yake ya mpunga na mtoto anayeingia shule. Lakini koo langu linaziba hapo hapo, na wauza vyungu huniuliza kama naumwa. Nikilala naona zile kandambili. Nikiamka kifua kinawasha. Binti yangu ananichemshia tangawizi na asali, namshukuru, nakunywa, na ninajua si dawa yake.

Karatasi ya Busale ninayo. Haina kazi tena, muda wake ulikwisha zamani. Jana nimeitoa kwenye sanduku, nikavaa miwani, nikajaza ile mistari mitupu, kwa mkono ule ule ulioandika hayupo.

Alifika. Nilimwona. Sikukohoa.